Barua ya wazi: Kabla mgodi wa makaa haujafunguliwa tena, semeni nani atawajibika siku utakaposimama

Kwa Tume ya Madini;
Kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC);
Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi, Namanyere.

Waheshimiwa,

Makaa ya mawe ya Ufipa si habari mpya kwenu wala kwetu. Wataalamu wa miamba waliyajua tangu zamani, na mwaka 2010 kampuni ya Edenville Energy ya Uingereza iliingia Rukwa ikichukua maeneo ya Namwele, Mkomolo na Muze. Baadaye ilitangaza kwamba maeneo hayo yana makaa yanayokadiriwa kufikia tani milioni 171, ikaahidi na kituo cha kufua umeme cha megawati 120. Kituo hakikujengwa. Kilichopatikana ni uchimbaji mdogo wa shimo la wazi huko Namwele pamoja na mtambo wa kuoshea makaa, na kazi hiyo imekwenda kwa kuanza, kusimama na kuanza tena. Mwaka 2023 kampuni yenyewe ilibadili jina ikawa Shuka Minerals. Tangu hapo, kila bei ya makaa inapopanda, maneno ya kuufungua upya mgodi huanza kusikika, na wanaoishi jirani na machimbo hubaki wakiulizana yatakuwaje. Barua hii haiwaombi mfunge mlango. Inawaomba mtazame jambo moja ambalo taratibu za vibali hulipita upesi: mgodi wa namna hii huwatia majirani hasarani zaidi unaposimama kuliko unapochimba, na mpaka sasa hakuna anayewaeleza wananchi nani atawajibika siku hiyo.

Kwamba utasimama tena si uchuro, ni hesabu. Makaa ya Rukwa yako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya bei yake huliwa na lori kabla mnunuzi hajayaona. Mwaka 2016 Serikali ilipopiga marufuku kuagiza makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vilielekezwa kwenye makaa ya nyumbani, lakini mgodi wa Ngaka kule Mbinga ulikuwa umeshatangulia na ulikuwa na njia fupi zaidi. Mwaka 2022 vita vya Ukraine, na marufuku ya Umoja wa Ulaya dhidi ya makaa ya Urusi iliyoanza kutekelezwa Agosti mwaka huo, viliipandisha bei ya dunia hadi zaidi ya dola 400 kwa tani mwezi Septemba, na meli zikaanza kupakia makaa ya Tanzania Mtwara. Kufikia katikati ya mwaka 2023 bei hiyo hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 150. Mgodi ulioko mbali namna hii, unaomilikiwa na kampuni ndogo inayotegemea fedha za wenye hisa wa London, hupata faida bei ikiwa juu na hufungwa bei ikishuka. Wala lile tegemeo la umeme halina nguvu liliyokuwa nayo. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, na njia ya msongo mkubwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma imepangwa kuiunganisha Sumbawanga na gridi ya Taifa. Mnunuzi wa kudumu, ambaye angeufanya mgodi huu ufanye kazi miaka 30 mfululizo, haonekani.

Sasa tuangalie kinachotokea mashine zinapozimwa. Makaa na miamba inayoyazunguka kwa kawaida hubeba madini ya chuma na salfa. Yakiwa ardhini hayamdhuru mtu. Yakifukuliwa, yakakutana na hewa na mvua, huzaa tindikali ya salfuri, na tindikali hiyo huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu kutoka kwenye mawe, ikashuka nayo kwenye vijito. Mgodi unaofanya kazi unaweza kulizuia jambo hili: pampu hutoa maji shimoni, mifereji hukinga mvua, maji machafu huwekwa chokaa kabla ya kuachiwa. Mgodi uliosimama hauna pampu inayozunguka wala mtu wa kumwaga chokaa. Shimo linajaa, kifusi kinalowa, na rundo la makaa lililoachwa wazi linaweza kupata joto lenyewe mpaka likashika moto. Ufipa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Msimu mmoja tu wa uangalizi uliokosekana unatosha kuanzisha mchakato ambao hauzimiki kwa kutangaza kwamba kazi imerejea. Tena maji ya uwanda wetu hayana njia nyingi za kwenda. Yanayoshuka mashariki huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea, kwa hiyo kinachoingia humo kinabaki humo. Yanayoshuka magharibi huenda Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi wa Kirando, Kipili na Kabwe wanapata riziki.

Mambo haya yameshatokea kwingine. Mji mdogo wa Carolina, jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, umezungukwa na machimbo ya makaa, mengine yanayofanya kazi na mengine yaliyotelekezwa. Mwezi Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji ya tindikali yaliyokuwa yamejikusanya kwenye eneo oevu chini ya machimbo yalishuka ghafla kwenye bwawa la Boesmanspruit, chanzo cha maji ya mji. Wakazi walikaa miezi bila maji ya bombani yanayofaa kunywa, na Julai mwaka huo walilazimika kwenda Mahakama Kuu ili mamlaka ziamriwe kuwapelekea maji. Uchafuzi ule haukusababishwa na mgodi mmoja mkubwa. Ulitokana na machimbo mengi ambayo kila moja lingeweza kuitwa dogo, na ilipofika saa ya kumtafuta mhusika, kila mmoja alikuwa na mwingine wa kumwonyeshea kidole. Namanyere ni mji uliohangaikia maji kwa miaka mingi, na bwawa la Mfili ni miongoni mwa matumaini yake machache. Vijiji vyetu vinategemea visima vifupi, chemchemi na mabonde yenye unyevu yanayolimwa bustani kiangazi. Atakayesema kwamba Carolina haiwezi kutokea Ufipa anapaswa kuonyesha vipimo, na vipimo hivyo havijabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji chochote.

Upande wa kipato nao hubadilika siku hiyo hiyo. Ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri hukokotolewa kutokana na mauzo, na mrabaha wa Serikali Kuu hutokana na thamani ya madini. Pasipo mauzo, vyote viwili ni sifuri. Mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii, ambao marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka uandaliwe kila mwaka na kukubaliwa na halmashauri, hukosa fedha za kuutekeleza. Kibarua hurudi shambani akiwa amekosa msimu wa kupanda. Mama lishe na mwenye nyumba ya kupanga waliokopa kwa kutegemea wateja wa mgodi hubaki na marejesho. Tumeiona Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988: ulibinafsishwa mwaka 2005, uzalishaji ukadorora, Serikali ikaurudisha mikononi mwake na kuukabidhi Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), na madai ya wafanyakazi yakaendelea kuzungumzwa bungeni miaka baada ya mambo kuharibika. Ubaya wa kusimama, basi, ni kwamba faida hukatika papo hapo huku madhara yakiendelea kukua.

Jibu la kwanza tunalotarajia kutoka kwenu ni kwamba Tathmini ya Athari kwa Mazingira ilishafanyika, cheti kipo, na mgodi ukifunguliwa hautakuwa mradi mpya bali mwendelezo. Kwa karatasi huenda ni hivyo, lakini ardhi inasema vingine. Tathmini inayofanywa kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa hupima eneo ambalo sasa halipo: kuna mashimo, kuna vifusi, kuna mabaki ya mtambo wa kuoshea, na kuna familia zilizojenga na kulima karibu zaidi baada ya kuona kimya. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni, asipokuwa na ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali, kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, au ndani ya mita 50 kutoka shamba lililoandaliwa au lenye mazao. Umbali huo hauwezi kuthibitishwa kwa ramani ya zamani. Lazima mtu aje na futi kamba, akiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo haikuishia kwenye cheti. Iliweka ukaguzi wa mazingira kwa sababu watunzi wake walijua kwamba hali ya mradi hubadilika. Kuufungua mgodi upya ndiyo nafasi inayofaa kuliko zote kwa ukaguzi huo, kwa kuwa ni wakati pekee ambapo mwekezaji anahitaji kitu kutoka kwenu.

Jibu la pili ni kwamba mgodi ni mdogo, kwa hiyo na madhara ni madogo. Hoja hii inapima kitu kisichohusika. Kiasi cha tindikali kinategemea aina ya mwamba uliofunuliwa, maji yanayoupitia na muda ulioachwa hivyo. Hakiulizi kampuni iliuza tani ngapi. Mchimbaji aliyefukua eneo kubwa na kuuza makaa machache ameacha kifusi kile kile, ila amepata fedha kidogo za kukirudishia. Udogo wa kampuni, badala ya kutupa amani, unapaswa kuwatia wasiwasi ninyi wasimamizi. Kampuni kubwa inayotelekeza mgodi ina mali nyingine zinazoweza kudaiwa. Kampuni ambayo mali yake kubwa hapa ni leseni, ikishindwa, itawarudishia leseni yenyewe, na shimo litabaki kwa kijiji.

Jibu la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi: masharti magumu yatamfukuza mwekezaji, na Rukwa iliyo pembezoni haina anasa ya kuchagua wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tunayataka yote mawili. Lakini ushahidi wa nchi hii hauonyeshi kwamba masharti huua migodi. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilipasuka na tope likafunika makazi na mashamba. Mgodi ulisimama, likajengwa bwawa jingine la kuhifadhia tope, na uzalishaji ukarejea mwezi Julai 2023. Mwekezaji hakukimbia. Kule Nzega mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulifika mwisho wake mwaka 2014 kwa mpango wa kufunga ulioandaliwa mapema, na eneo likapata matumizi mengine. Na mtu anayekopa benki huweka dhamana kabla hajakabidhiwa fedha, asionekane amenyanyaswa. Anayekopa ardhi na maji ya watu kwa ahadi ya kuvirudisha hana sababu ya kuona sharti hilo ni la ajabu. Mwekezaji asiyeweza kuweka dhamana ya kufukia shimo leo, wakati anatafuta mtaji na ana matumaini ya faida, hataweza kulifukia siku ambayo mtaji umekwisha na matumaini yametoweka. Kama ni hivyo, akiondoka mapema ametupunguzia mzigo.

Lipo na jibu la nne, nalo ni zito kuliko hayo yote. Misitu ya miombo ya mkoa huu inakwisha kwa kuni na mkaa, na Serikali inasukuma nishati mbadala. STAMICO inatengeneza mkaa mbadala unaoitwa Rafiki Briquettes kwa kutumia makaa ya Kiwira, na shule na magereza yenye majiko makubwa yametakiwa kuacha kuni. Kwa nini basi makaa ya Ufipa yasipikie watu wa Ufipa? Hoja hii tunaikubali kwa moyo wote, tena inaisaidia barua hii. Soko la jikoni, hata likiwa dogo, lina utulivu ambao soko la meli halina, na mgodi uliofungamanishwa na mahitaji ya shule, hospitali na kaya za Rukwa na Katavi hautafungwa kwa sababu bei ya dunia imeshuka. Kama mnataka mgodi usiosimama, mwulizeni mwekezaji atauza wapi, na kiasi gani kitabaki hapa. Uchimbaji si jambo geni kwenye uwanda huu. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuru ndefu za udongo, vizazi kabla ya leseni kubuniwa. Kwa hiyo asiwepo anayewasingizia wakazi kwamba wanaogopa kila kitu kinachotoka ardhini. Wanachokikataa ni kubebeshwa gharama ya kamari ambayo hawakuicheza. Hata majirani zetu wa Mpanda wanajua kwamba mgodi huisha: ule wa risasi ulioletewa reli kutoka Kaliua ulifungwa mwaka 1960. Bahati yao ni kwamba reli ilibaki, na treni bado inabeba watu na mazao. Swali letu ni kitakachobaki Nkasi.

Kutokana na hayo tunaomba mambo matatu yatimizwe kabla lori la kwanza halijapakia. La kwanza ni vipimo vya maji. NEMC, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde inayohusika na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ipime visima, chemchemi na vijito vinavyozunguka machimbo, kiangazi na masika. Vipimwe ukali wa tindikali, salfati, chuma na manganizi, kisha matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili, pamoja na viwango vya kulinganishia. Bila kipimo cha kuanzia, siku mwananchi atakapolalamika kwamba kijito kimegeuka rangi ya kutu ataambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani, naye hatakuwa na cha kujibu. Wala kipimo hicho hakimlindi mwananchi peke yake. Mwekezaji mwaminifu atakitumia kuthibitisha kwamba hakuchafua.

La pili ni dhamana ya ukarabati wa mazingira. Iwekwe yote mapema kwa njia ambayo Serikali inaweza kuichukua bila kumtafuta mtu Uingereza, na kiasi chake kikokotolewe kwa gharama ya kufukia kila kilicho wazi leo, pamoja na mashimo ya awamu zilizopita. Isikubaliwe kauli kwamba mashimo ya zamani ni ya mwendeshaji aliyetangulia. Anayechukua leseni anachukua na kilichoachwa ndani yake, na kama hakitaki, asichukue leseni. Halmashauri ijue kiasi cha dhamana hiyo na mahali ilipo, kwa sababu Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015 ilitungwa ili mambo ya namna hii yasiwe siri ya watu wawili.

La tatu, na ndilo kiini cha barua hii, ni mpango wa kusimama, ulio tofauti na mpango wa kufunga. Mpango wa kufunga huzungumzia siku ya mwisho, ambayo mwendeshaji anaweza kuisogeza mbele milele kwa kusema mgodi umepumzika tu. Mpango wa kusimama useme nini kinafanyika kazi inapokatika kwa siku 30, kwa siku 90, na kwa mwaka mzima: nani analipa walinzi na uzio ili watoto na mifugo wasitumbukie shimoni, nani anaendesha pampu masika, makaa yaliyorundikwa yanaondolewa au kufunikwa lini, mishahara na madeni ya wauzaji wa hapa yanalipwa kwa utaratibu gani, na ni baada ya muda gani ukimya unahesabiwa kuwa ni kufunga, ili dhamana ichukuliwe na ufukiaji uanze. Afisa Madini Mkazi wa Rukwa apewe jukumu la kutoa taarifa ya hali ya mgodi kila robo mwaka kwa Baraza la Madiwani, iwe unachimba au umelala. Gharama ya sharti hili ni ndogo kwa mwendeshaji anayekusudia kuchimba mfululizo. Litakuwa ghali kwa yule tu anayepanga kuja na kuondoka.

Tunajua kwamba mamlaka zenu zimegawanyika. Tume inatoa leseni, NEMC inasimamia mazingira, Bodi za Mabonde zinatoa vibali vya kutumia maji na kutiririsha majitaka, na halmashauri inapokea ushuru pamoja na lawama. Mgawanyo huo ndiyo sababu siku za kusimama hazina mwenyewe, kwa kuwa kila ofisi inasubiri tukio linaloihusu, na kusimama si tukio la ofisi yoyote. Kwa hiyo tunaomba kikao kimoja, si vinne, kwa kila kijiji kinachopakana na machimbo. Kifanyike kama mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya mvua za Novemba, ofisi zote zikiwapo na mwendeshaji akiwapo. Zisomwe nyaraka tatu tulizozitaja, maswali yaandikwe kwenye muhtasari, na uamuzi wa kufungua mgodi utolewe baada ya hapo kwa maandishi yenye sababu. Nyaraka hizo zikiwapo na zikitosheleza, kutakuwa na wakazi wengi watakaounga mkono mgodi bila kuombwa. Zikikosekana, jibu sahihi kwa ombi la kufungua ni kwamba bado, na jibu hilo mnaweza kulitoa kwa sheria mlizo nazo leo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Namanyere, Nkasi